Kabaso Wawili, Cheti Kimoja

Kambi ya mgodi, magharibi ya Solwezi
6 Februari 2022

Kwako Mjomba Kabaso,

Pokea salamu nyingi kama mvua inayotunyeshea huku. Magoti yanasemaje? Na yale masikio, bado yamefunga duka? Mimi mzima kabisa, tena nimenenepa, ukiniona utadhani nalishwa na askofu. Nakuandikia kwa sababu simu kwako ni kazi bure. Nikipiga unanifokea "nani? nani?" mpaka salio linakwisha, na Luanshya nzima inajua mambo yangu. Barua hii anaileta kondakta wa basi. Jibu mpe yeye yeye, nimeshamnunulia soda.

Najua umenuna. Niliondoka alfajiri bila kuaga, nikakuacha unakoroma. Lakini ningekuaga ungesema lile neno lako, "bado". Kabaso bado, Kabaso mwakani. Miaka mitatu nakushikia tochi, nakuchunia nyaya, nakupandia juu ya mabati ya watu, na bado ni bado.

Sasa tulia kwenye kiti. Mpwa wako ni fundi umeme. Si msaidizi, si mshika tochi. Fundi. Nina kofia ngumu nyeupe, viatu vya chuma puani, na kitambulisho chenye picha yangu nimekunja uso kama waziri.

Ilikuwaje? Huku waashi wamejaa, madereva wamejaa, wenye digrii wamejaa wanauza muda wa simu. Fundi umeme ndiye haonekani. Tangazo lilibandikwa getini wiki tatu mpaka likanyeshewa. Wanaojua kazi wamekwenda Kongo, wengine Afrika Kusini, wengine wamezeeka kama mtu fulani ninayemfahamu. Basi nikajisogeza. Msimamizi ni mama mmoja wa Kingoni kutoka Chipata, Ba Jere, mwili mdogo lakini sauti unaweza kuisikia hata wewe. Akasoma karatasi zangu, akanitazama, akasoma tena. Akasema mbele ya watu wote: "Wewe Mbemba, mtihani huu uliufanyia tumboni mwa mama yako?"

Nikamjibu: "Ndiyo, mama. Sisi Wabemba tunasomea tumboni. Ninyi Wangoni mkiwa tumboni mnawinda panya."

Geti zima lilicheka, mlinzi akaangusha filimbi. Ba Jere mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho, akasema, "Mpeni huyu mla nyani kofia." Ndiyo faida ya watani, Mjomba. Robo saa haikuisha nikawa ndani.

Kuna jambo dogo. Mwenzangu mmoja hapa, jina simtaji, kazi haijui sana. Amepewa pampu ya maji, mota ya nyaya tatu. Inanguruma vizuri lakini inazunguka kinyume, na maji yanatoka kama mkojo wa mtoto. Ananiuliza mimi kwa sababu ya sifa zangu, nami hilo limenitoka kichwani. Niandikie nimwambie. Aharakishiwe, maskini.

Huku hakuna anayejua kukaanga viwavi kama wewe. Jumapili nilinunua sahani nzima, nikala vitatu, nikaacha.

Mimi mpwa wako, fundi,
Kabaso Mdogo


Luanshya
10 Februari 2022

Mpwa wangu Kabaso,

Barua imefika, na kondakta amesema soda hukumnunulia. Nimemnunulia mimi. Hujambo huko? Je, unalala pakavu? Kifua chako wakati wa mvua huwa kinakusumbua, vaa sweta ile ya kijani kama uliichukua. Hapa mimi ni mzima. Magoti ni yale yale. Masikio nilikiachia kile kinu cha kusagia mawe miaka mingi iliyopita, sitarajii kuyadai.

Mwambie huyo mwenzako asiye na jina hivi. Azime umeme. Apige kufuli kwenye swichi, na ufunguo autie mfukoni mwake mwenyewe, si mfuko wa mtu mwingine. Apime kwamba nyaya zimekufa kweli. Halafu katika zile nyaya tatu zinazoingia kwenye mota, abadilishe mbili zozote nafasi, ya tatu asiiguse. Itazunguka upande wa pili. Mwambie pia kwamba nilimwonyesha jambo hili kwenye mashine ya kusaga unga ya Ba Mwape, akawa anamwangalia binti wa Ba Mwape.

Nina habari. Padre wa pale kwenye karakana ya kanisa alikuja kwangu, akakaa saa nzima. Wana vijana kumi na wanne wanaotaka kusomea umeme, na mwalimu wao amehamia huko huko mlikohamia ninyi nyote. Mji huu umebaki na mafundi wawili. Mmoja haoni, mwingine ni mimi. Ananitaka nifundishe. Nilimwambia nina miaka sitini na sita na sisikii. Akaniandikia kwenye karatasi: "Watakusikia wao." Sikulala vizuri usiku ule, kwa furaha.

Sharti ni moja, waone cheti changu. Kile cha daraja la kwanza, cha mwaka 1984. Nimefungua sanduku, hakimo. Nimetafuta ndani ya Biblia ya marehemu mke wangu, hakimo. Wewe ndiye uliyekuwa ukifagia chumba. Unakumbuka kilipo?

Nyumba imekuwa kubwa. Napika nshima ya watu wawili kwa mazoea, kesho yake nakula kiporo.

Mjomba wako,
Kabaso


Kambi ya mgodi
17 Februari 2022

Mjomba mpendwa,

Shikamoo ya kupiga magoti na kupiga makofi, kama kwa chifu. Umeamkaje? Kondakta ni mwongo, soda nilimnunulia, alitaka mbili.

Ile pampu. Nilibadilisha nyaya mbili, nikawasha, maji yakaruka yakamlowesha Ba Jere kuanzia kofia mpaka viatu. Siku nne walikuwa wanaitazama tu. Mimi nilikuwa nimewaambia kwamba mota haikurupushwi, lazima fundi aisikilize kwanza, kwa hiyo kila asubuhi nilikwenda kuweka sikio, nikitikisa kichwa, nikisubiri basi la Luanshya. Sasa wananiita Daktari. Ba Jere alisema, "Mbemba huyu kumbe tumbo la mama yake lilikuwa chuo." Umeona nimekuandikia kwamba nilibadilisha mimi. Basi, yule mwenzangu ni mimi. Ulishajua, usijifanye.

Chumba nakaa na Ba Likando, Mlozi, mtu wa miaka arobaini, mpole hata ukimkanyaga anakuomba radhi yeye. Ni fundi mitambo, anafunga na kufungua mapampu, umeme anauogopa kama mamba. Kila jioni anaongea na mkewe aliye Mongu. Ana mtoto wa miezi miwili ambaye hajamwona. Ananiambia, "Mdogo wangu, wewe ukiniambia waya umekufa ndipo nautia mkono. Usiponiambia wewe, siendi." Unaona heshima?

Kuhusu cheti. Tafuta chini ya godoro. Au panya wamekula, panya wa pale kwetu ni wa Kingoni pia. Na hata tuseme, nasema tuseme tu, kiko kwa mtu fulani. Jina lililoandikwa ni Kabaso Chilekwa, na mimi ni nani? Wewe ndiye uliyenipa jina hilo, ukanipeleka mwenyewe kuniandikisha. Na kwetu mali ya mjomba ni ya mpwa. Hapo kuna wizi gani? Mtu ameanza kurithi mapema tu.

Hongera ya ualimu. Kumi na wanne wote kwako, watakoma.

Niambie pia, ukiambiwa ufungue bodi kubwa yenye swichi nyingi zisizo na majina, unaanzia wapi?

Mpwa wako Daktari,
Kabaso Mdogo


Luanshya
2 Machi 2022

Mpwa wangu,

Natumaini u mzima. Mimi nilikuwa na homa siku tano, imekwisha, ndiyo maana nimechelewa.

Basi kiko huko. Nilipoisoma barua yako nilikaa barazani mpaka chai ikapoa. Sikukasirika kwanza, nilishukuru kwamba hakikupotea. Hasira ilikuja baadaye.

Ni kweli mpwa humrithi mjomba. Lakini watu hurithi wakishazika, na mimi bado nakula. Jina nilikupa bure. Ile karatasi sikuipata bure. Niliifanyia kazi miaka minne chini ya mzungu aliyekuwa akinipiga vidole kwa plaisi nikikosea, na siku ya mtihani nilifunga mota ishirini nikiwa na njaa. Karatasi inasema mtu huyu amefanya haya. Wewe hujafanya. Wanaokuamini hapo wanaamini mikono yangu, na mikono yangu iko Luanshya.

Nilikwenda kuwaona wale vijana. Kuna wasichana wawili. Mmoja aliniuliza, kwa kuandika ubaoni, kwa nini umeme wa nyumbani una nyaya mbili na wa kiwandani tatu. Miaka kumi na moja tangu nistaafu hakuna mtu aliyeniuliza neno kama hilo. Wananiletea pasi, wananiletea birika. Nilimjibu mpaka ubao ukajaa, na Padre akaja kufunga mlango kwa sababu giza lilikuwa limeingia.

Amenipa mpaka mwisho wa Aprili. Bila cheti, ofisi iliyo juu yake haimruhusu, na darasa litafungwa. Kukitafuta kwenye kumbukumbu za serikali ni mwaka mzima. Nirudishie, Kabaso. Rudi nacho, au kiweke kwenye bahasha ubaki huko ukiwa msaidizi wa mtu anayejua.

Bodi isiyo na majina. Usiifungue peke yako. Kila mara, pima mara tatu. Kwanza pima kipimo chenyewe, mahali unapojua umeme upo, uone kinafanya kazi. Pili pima pale unapotaka kugusa. Tatu rudi ukipime kipimo tena. Kipimo kinaweza kufa mikononi mwako kati ya mara ya kwanza na ya pili, nacho hakiagi. Kama wewe.

Mjomba wako,
Kabaso


Kambi ya mgodi
14 Machi 2022

Mjomba,

Habari za homa? Kunywa maji ya ndimu. Usitoke nje asubuhi bila kofia.

Nimesoma yote. Sina ubishi, leo nimekosa hata utani. Nakuomba tu mpaka Juni. Juni wanatuandika kazi ya kudumu, wakishaniandika nakurudishia cheti siku hiyo hiyo kwa basi la kwanza. Nikikurudishia sasa wataniuliza kiko wapi, nitarudi kuwa mshika tochi, na wewe unajua nina miaka ishirini na mmoja na shule niliiacha darasa la tisa. Ni nani atanipa tena kofia nyeupe? Mwambie Padre akuongezee miezi miwili. Padre si ana moyo wa huruma, ndiyo kazi yake.

Ile sala yako ya mara tatu nilimsomea Ba Likando. Alisema mjomba wako ni mtu mwenye akili. Mimi nilimwambia mjomba wangu hata akila nshima anapima kwanza, anakula, anapima tena. Bodi za huku tunafungua tano kwa siku, Mjomba. Ukisali sala hiyo kila bodi, jioni inakukuta bado uko ya pili na Ba Jere yuko mgongoni. Tuko mafundi wawili kwa pampu kumi na moja.

Jana mvua ilinyesha na jua likawaka pamoja. Nilikumbuka ulivyokuwa ukinituma kuanua mahindi, wewe umekaa.

Mpwa wako,
Kabaso Mdogo


Luanshya
27 Aprili 2022

Kabaso,

Nimekuandikia mara mbili na hakuna jibu. Kondakta ameniandikia kwenye tiketi kwamba huko mgodini kwenu mtu amechomwa na umeme. Jina halijui. Anasema ni kijana, halafu anasema ni mtu mzima.

Sitaki cheti. Niandikie ni nani.

Mjomba wako


Solwezi
8 Mei 2022

Mjomba wangu Kabaso,

Mimi mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua umelitafuta kwanza, kabla ya salamu. Nisamehe kwa ukimya. Nilichana barua nne. Je, wewe mzima?

Aliyeungua ni Ba Likando. Ilikuwa tarehe kumi na tisa Aprili. Pampu ya sita ilikwama, ikabidi aifungue, nami nimuulie umeme. Bodi ilikuwa ile isiyo na majina. Nikashusha swichi niliyodhani ndiyo. Kufuli nililiacha kambini, lilikuwa linanichoma paja mfukoni. Nikatia kipimo, kikanyamaza. Nikamwambia, "Imekufa, kaka, ingia." Akaniuliza, "Kweli?" Nikamwambia, "Ulishaona Daktari akakosea?" Akacheka, akatia spana.

Kipimo ndicho kilichokuwa kimekufa. Betri. Pengine tangu asubuhi. Ningekipima kwanza ningejua. Mara moja tu, si hata mara tatu.

Sitakuandikia mlio wake. Mikono yote miwili, mpaka viwiko. Daktari wa hospitali, yule wa kweli, anasema mikono itabaki, ila vidole viwili vya kushoto havijulikani. Alipozinduka alinitafuta kwa macho akaniuliza, "Wewe hukuumia?"

Kesho yake Ba Jere aliniita ofisini. Cheti kilikuwa mezani. Akasema, "Hiki ni cha nani?" Nami kwa mazoea nikaanza, "Mama, ninyi Wangoni..." Nikaona hacheki.

"Siku ile getini nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza mbele za watu mwaka wa cheti hiki umetoka wapi. Ulinijibu utani, nikaupokea utani, kwa sababu nilikuwa na pampu kumi na moja na fundi mmoja. Kosa hilo ni langu na nimeliandika kwa mkono wangu. Sasa nakuuliza tena, na humu hakuna mtani."

Mjomba, miezi yote ile mimi nilidhani tulikuwa tunacheza. Kila aliposema "fundi wa themanini na nne, mvi zako umeziacha wapi?", nilimrushia jibu nikaondoka kifua mbele. Kumbe kila mara alikuwa ananifungulia mlango niseme.

Nikasema, "Cha mjomba wangu."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Anafanya nini?"

"Anatengeneza pasi."

Akakisoma cheti tena. Halafu akasema, "Fundi wa daraja la kwanza anatengeneza pasi Luanshya, na mimi hapa nimeajiri jina lake." Akanisukumia cheti. Kofia akaibakiza. Sikufungwa, kwa sababu Ba Likando aliwaambia polisi kwamba yeye ndiye aliyeingia kabla hajaambiwa. Si kweli. Nilikwenda kuwaambia si kweli. Wakasema mgonjwa ameshatoa maelezo, niende zangu.

Cheti kiko ndani ya bahasha hii, kati ya makaratasi mawili magumu. Kona imekunjika kidogo, nilikunja mimi. Najua mwisho wa Aprili umepita, najua darasa limefungwa.

Nyumbani siwezi kuja sasa. Ba Likando ametoka hospitali, amepanga chumba hapa mjini, na mikono yake imefungwa kama mikate miwili. Mkewe ana kitoto kichanga, na Mongu ni mbali. Mtu hawezi kula nshima bila mikono, Mjomba. Kwa hiyo namlisha mimi. Nafinyanga tonge, nachovya kwenye mchuzi wa dagaa wa kapenta, namtia mdomoni. Siku ya kwanza hatukutazamana. Siku ya pili alisema, "Mdogo wangu, matonge yako ni makubwa, mimi si chatu." Mchana nabeba magunia ya mkaa sokoni.

Usinijibu kama moyo hautaki.

Mpwa wako,
Kabaso


Luanshya
29 Mei 2022

Mpwa wangu Kabaso,

Salamu kwako, na salamu zaidi kwa Ba Likando. Baridi imeanza hapa. Mnajifunika nini? Kondakta ana blanketi la bluu, ni la Ba Likando. Ile sweta ya kijani niliikuta nyuma ya mlango, imo ndani ya blanketi. Mimi mzima.

Mwambie Ba Likando kwamba fundi aliyemwambia waya umekufa anaitwa Kabaso Chilekwa, na kwamba wako wawili, na huyu wa pili naye anamwomba radhi.

Maana nina langu la kukuambia, nami nimechana barua kama wewe. Yale "bado" yangu. Mwaka jana mwezi wa tisa ulikuwa tayari kwa mtihani wa daraja la tatu. Si la kwanza, usivimbe kichwa. La tatu. Ungefaulu. Padre aliniuliza kama akuandikishe, nikamwambia bado. Nilikuwa nimewaona wote niliowafundisha, wakipata karatasi wanapanda basi. Nilisema huyu mmoja nitabaki naye kidogo. Kama ungekuwa na karatasi yako, usingechukua yangu, na kama ungefanya mtihani, ungefundishwa kupima kipimo na mtu ambaye si mjomba wako, mtu wa kuogopwa. Lifikirie hilo unapojihukumu. Mimi nalifikiria kila siku.

Cheti kilifika tarehe kumi na nne. Nilivaa koti, nikakipeleka, nikijua nimechelewa. Padre alikuwa ametafuta mwalimu Ndola, akatafuta Kitwe. Hakuna. Vijana kumi na wanne walikuwa bado wako pale karakana, wakipaka rangi madirisha ili wasirudishwe nyumbani. Alikitazama cheti, akauliza kuhusu ile kona, nikamwambia kimesafiri.

Nafundisha sasa. Jumatatu mpaka Ijumaa. Yule msichana wa swali anaitwa Chola. Anakaa mbele, anaandika ubaoni wanayouliza wenzake. Nimewafundisha kupima mara tatu kabla hata ya kuwaonyesha waya. Niliwaambia kwa nini. Sikutaja jina.

Na siku ya kwanza, nilipoandika daftari la mahudhurio, niliandika majina kumi na manne, halafu nikaandika la kumi na tano. Nililiweka mahali pake kwa alfabeti, baada ya Chola na kabla ya Kalunga. Kila asubuhi naita: Chola, yupo. Kabaso Chilekwa. Wanacheka, wanasema mwalimu anajiita mwenyewe. Mimi sisikii, lakini naona meno. Natazama mlangoni, halafu naita Kalunga.

Mtihani wa daraja la tatu ni Novemba.

Mjomba wako,
Kabaso


Solwezi
11 Juni 2022

Mjomba wangu,

Shikamoo. Umeshindaje na baridi? Huku asubuhi midomo inatoa moshi, unaweza kudhani mji mzima unavuta sigara. Blanketi limefika, na sweta. Ba Likando anasema asante, na anasema mjomba wako ana mwandiko mzuri kuliko wako, jambo ambalo halikuwa na lazima.

Barua yako nilimsomea yote, hata lile la "bado". Nilipofika hapo nikasimama kidogo, nikajifanya mwandiko haueleweki. Yeye akasubiri. Mjomba, sina hasira. Nilikuwa nayo usiku mmoja, nilitembea mpaka sokoni nikarudi. Kisha nikafikiri, huyu mzee alitaka tu mtu wa kula naye nshima ya watu wawili. Ungeniambia. Ningeondoka hata hivyo, lakini ningekuaga.

Hivi nitakaa benchi moja na watoto wa miaka kumi na saba? Mimi, Daktari? Mwambie huyo Chola asinionyeshe ubaoni. Mwambie pia nina maswali magumu kuliko yake. Hapana, usimwambie kitu.

Ba Jere alikuja kumwona mgonjwa Jumapili, na kuku mkononi. Alinikuta nafinyanga tonge. Alisimama mlangoni, nikajua lipo neno la mla nyani kinywani mwake, akalimeza. Tulikaa watatu tukala. Wakati wa kuondoka aliniambia bado wana tangazo getini, mafundi bado hawajapata. "Ukija tena," akasema, "njoo na mwaka wako." Sikumrushia jibu. Nilisema, "Ndiyo, mama."

Sasa kuhusu safari. Vidole viwili vile vilikatwa wiki iliyopita, sikukuandikia. Vilivyobaki wanafungua bandeji moja moja. Mkono wa kulia jana alijaribu kushika tonge, likaanguka, akajaribu tena, likaanguka. Akasema tule tu, atajaribu tena kesho. Daktari anasema huenda mwezi, huenda miwili. Mkewe naye anasubiri mumewe apate nguvu aende Mongu, amshike yule mtoto. Siku atakayofinyanga tonge lake mwenyewe akalifikisha mdomoni bila kudondosha, mimi jioni hiyo hiyo niko kituo cha basi. Kabla ya hapo siwezi, Mjomba, hata ukiniita kwa kengele.

Lakini jina langu liite tu. Kila asubuhi liite, wacheke. Halafu nyamaza kidogo kabla ya Kalunga.

Mpwa wako,
Kabaso